Kamera ya Saa Moja Jioni

Bibi mzaa baba alifariki mwaka 2011, na picha pekee ya uso wake iliyobaki ilikuwa kwenye kadi ya kupigia kura. Haikuzidi ukucha wa dole gumba. Baba aliipeleka studio moja pale Tanga ikuzwe ifike ukubwa wa daftari, akarudi nayo nyumbani Ngamiani ikiwa imefungwa kwa gazeti. Alipoifungua mbele yetu, sote tulinyamaza. Mtandio ulikuwa wa bibi, na mabega ya bibi, lakini uso ulikuwa madoa. Ukisogea karibu unapotea, ukirudi nyuma unamwona mwanamke mzee tu, si yule aliyetulea. Mama aliichukua akaiweka kabatini, na haikutundikwa hata siku moja.

Kilichoniuma ni kwamba ukumbi ule siku ile ulijaa watu waliowahi kumpiga bibi picha. Yangu ilikuwa kwenye simu niliyoibiwa ndani ya daladala. Ya kaka ilikuwa kwenye simu iliyoingia maji. Ya mdogo wangu ilikuwapo bado, tukaitafuta, tukaikuta: giza, ukungu, na nukta mbili nyekundu mahali pa macho. Nikasema palepale kwamba nitanunua kamera. Kaka akaniuliza kwa mshahara upi wa ualimu. Nikamwambia zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa inakuja.

Zamu ilikuja katikati ya 2012. Ninafundisha sekondari hapa Dar es Salaam, na nilikwenda Kariakoo Jumamosi asubuhi nikiwa na shilingi laki mbili na nusu kwenye mkoba. Muuzaji alikuwa kijana mwenye heshima zake. Akazipanga kamera tatu juu ya kioo, akanionesha namba zilizoandikwa mbele. "Dada, hii ni megapikseli 12, hii 14, hii 16. Ukitaka picha kali, chukua 16." Pembeni ya boksi pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba inavuta mara 20. Nililipa 210,000, nikaondoka na kamera ndogo ya rangi ya fedha inayotumia betri mbili za kawaida, nikijiona nimefanya la maana.

Swali ambalo sikumuuliza yule kijana, na ambalo leo ndilo la kwanza ninalomwambia mtu ajiulize, ni hili: watu wako wanakutana wapi, na saa ngapi?

Kwetu Idi asubuhi haina nafasi ya picha. Wanaume wako kwenye swala, wanawake wako jikoni na pilau, watoto wanavalishwa. Mchana watu wanakula kwa zamu, jirani huyu anaingia, yule anatoka. Alasiri watoto wanakwenda kutumia sikukuu zao. Ni saa moja jioni, baada ya magharibi, ndipo ukoo mzima unapotulia barazani. Mkeka unatandikwa, birika la kahawa linazunguka, kashata zinagombewa, na baba anaanza hadithi zake za reli. Juu ya mlango kuna taa moja, na hiyo ndiyo taa yetu ya picha, hatuna nyingine.

Idi ya Agosti 2012 nilipiga picha zaidi ya mia. Asubuhi niliwapanga wanaume sita mbele ya ukuta, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, jua limewaka. Kanzu zilitoka vizuri sana, kila mshono unaonekana. Nyuso zilitoka nyeusi kama zimepakwa masizi. Jioni mambo yakawa mabaya zaidi. Bila flashi, watoto walikuwa mivuli yenye mikia, na picha nzima imejaa chenga kama televisheni ya zamani iliyopoteza antena. Nikiwasha flashi, aliye mbele anakuwa mweupe kama karatasi, walio nyuma wanamezwa na giza, na kila mtu amekaa kama yuko kituo cha polisi. Baba ndiye alinisikitisha zaidi. Yeye ni mtu wa zama za studio, zama ambazo ulinyoosha shingo, ukabana mdomo na kusubiri mpiga picha aseme tayari. Mwanga wa flashi ukimpiga mara moja tu, usoni anafunga duka. Hadithi inakatika katikati.

Na hapo betri zikaisha. Nilinunua mbili dukani kwa jirani, zile za bei nafuu tunazotia kwenye redio. Kamera ikawaka, ikapiga picha nne, ikazima. Nikadhani ni mbovu. Baadaye nikaelewa kwamba betri zile zimetengenezwa kutoa umeme kidogokidogo kwa muda mrefu, ilhali kamera inataka mwingi kwa mara moja kila inapotoa lenzi au kuwasha flashi. Zinazoiweza ni alkalini, au bora zaidi zile za kuchaji za nikeli. Nilinunua nne za kuchaji na chaja yake kwa 35,000, na tatizo hilo likaisha. Mengine yalibaki.

Mwalimu hapendi kushindwa na somo. Nilirudi Dar nikaanza kusoma, jioni baada ya kusahihisha madaftari, na nilichokipata niwaeleze kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu.

Kwanza zile megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazojenga picha. Picha ya albamu, ile ya inchi 4 kwa 6, inataka nukta 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi kabisa. Zidisha: 2,160,000. Yaani megapikseli 2 na kidogo. Hata ukitaka picha ya ukutani ya ukubwa wa A4, hesabu inakuja karibu 9. Kamera yoyote iliyotoka katika miaka 15 hii ina za kutosha na kubaki, kwa hiyo tofauti ya 12 na 16 niliyoilipia haikuniongezea kitu. Ile ya kuvuta mara 20 nayo ilikuwa maneno ya boksi: lenzi yenyewe ilivuta mara 5, zilizobaki ni kamera inakata kipande cha katikati na kukikuza, jambo ambalo hata kompyuta ya nyumbani inalifanya.

Kitu chenye uzito ni kihisi, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga mahali palipokuwa pa mkanda zamani. Kamera yangu ya fedha, kama nyingi ndogo za bei yake, ilikuwa na kihisi cha milimita 6 kwa 4.5 hivi. Punje ya mahindi inakifunika. Juu ya punje hiyo wamepanga nukta milioni 16, kila moja ikisubiri mwanga wake. Mchana wa jua mwanga unatosha wote. Saa moja jioni, chini ya taa moja, kila nukta inapata chembe tu, kamera inalazimika kuikuza hiyo chembe kwa nguvu, na chenga zinatoka hapo. Fikiria dirisha la choo na mlango wa sebuleni usiku wa mbalamwezi. Mwezi ni uleule, lakini sebuleni unaweza kumtambua mtu, chooni unapapasa ukuta.

Habari ya kanzu ilinichukua muda mrefu zaidi, na ninaipenda kuliko zote kwa sababu inatuhusu sisi. Kamera haijui inatazama nini. Imefundishwa kwamba dunia kwa wastani ina weupe wa kati, wa kijivu. Ikiona kanzu sita nyeupe inaamini mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zetu ambazo zilikuwa sawasawa zinatumbukia gizani. Kinyume chake kinatokea ukipiga kina mama waliovaa mabuibui meusi: inaongeza mwanga mpaka nyuso zinapauka. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kanzu nyeupe au mchanga mweupe wa pwani, peleka kwenye jumlisha, 0.7 au hata 1 kamili. Mabuibui, peleka kwenye kutoa. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa nayo lakini imefichwa kwenye menyu, na ukiwa kwenye ile hali ya otomatiki haionekani kabisa. Tangu siku hiyo sinunui wala simshauri mtu kununua kamera ambayo kitufe hicho hakifikiki kwa kidole. Watu wa rangi yetu wanaovaa nyeupe kwenye sikukuu wanakihitaji kila mwaka.

Na dawa ndogo kwa wale ambao kamera yao haina: waondoe watu juani, wasimamishe chini ya mwembe au kwenye kivuli cha ukuta, wote wawe kivulini, halafu washa flashi ingawa ni mchana. Macho yanafunguka, uso unapata uhai. Nilifanya hivyo mwaka uliofuata na picha za asubuhi zikawa za kuridhisha.

Desemba 2013 tulikwenda Pangani, familia mbili kwenye basi dogo la kukodi, siku tatu. Kamera ya fedha iliishia huko. Lenzi za kamera ndogo zinatoka na kuingia kama kichwa cha kobe, na upepo wa pwani una mchanga mwembamba usiouona. Niliiwasha mara nyingi ufukweni, nikaiweka juu ya khanga, nikaichukua tena. Siku ya pili ikaanza kusaga kama kinu, ya tatu ikagoma lenzi ikiwa nusu nje. Fundi wa Dar alinitoza 80,000, ikafanya kazi miezi mitatu, ikagoma tena. Sikumlaumu, mchanga ukishaingia umeingia. Kama mnakwenda baharini na kamera ya aina hiyo, ikae kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu, muiwashe mkiwa mmeupa upepo mgongo, na msiiweke kamwe juu ya kitu kilichogusa mchanga. Hilo lilikuwa jambo la shilingi mia tano ambalo lingeniokolea themanini elfu.

Safari hiyohiyo tulipitia mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya Tanga mjini. Watoto walifurahi sana. Picha zilikuwa nyuso nyeupe zinazoelea kwenye wino, kwa sababu flashi ya kamera ndogo inafika kama mita tatu hivi, na pango linarudi nyuma zaidi ya hapo. Zilizonusuru siku ni mbili nilizopiga karibu na mdomo wa pango, mwanga wa nje ukiwaangukia kwa upande. Hizo mpaka leo zimo kwenye albamu.

Nieleze na memori kadi, maana hasara yake ilikuwa kubwa kuliko kamera. Mwaka 2014 nilikuwa nimeazima kamera ya mwalimu mwenzangu kwa ajili ya harusi ya binti wa kaka, nikanunua kadi iliyoandikwa GB 32 kwa 12,000. Bei yenyewe ilitakiwa inishtue. Nilipiga kuanzia kuingia kwa bwana harusi mpaka usiku. Tulipofungua kwenye kompyuta, picha za mwanzo zilikuwapo, halafu zikafuata mamia ambazo majina yapo lakini ndani kijivu kitupu. Kadi zile zimechezewa zijitangaze kubwa kuliko zilivyo. Ndani pengine mna GB 4. Zikijaa, kadi inaendelea kusema ndiyo, nimehifadhi, na wewe unaendelea kupiga. Nilimwomba mkwe wetu mpya radhi kwa simu, na alikuwa muungwana, lakini picha ya mama yake akimpokea bibi harusi mlangoni haipo duniani.

Sasa kila kadi mpya naijaribu kabla haijaona sherehe yoyote. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa H2testw, inaijaza kadi yote na kuisoma tena mpaka mwisho. Asiye nayo ajaze kadi kwa mafaili ya video mpaka pomoni, ayarudishe kwenye kompyuta, afungue moja moja tangu la kwanza mpaka la mwisho. Yote yakifunguka, kadi ni ya kweli. Na sina haja ya kubwa: GB 16 zinanitosha picha zaidi ya 2,000 kwa kamera niliyonayo, na nikipoteza kadi moja sijapoteza mwaka mzima.

Baada ya harusi ile nilikaa bila kamera karibu miaka mitatu. Nilikuwa nimekwisha kujua ninachotaka: kihisi kikubwa, kitufe cha kujumlisha na kutoa, lenzi inayopokea mwanga mwingi. Mpya ya namna hiyo ilikuwa juu ya uwezo wangu. Ilipofika 2017 nikaamua kutafuta iliyotumika, na hapa ndipo nawaomba wenye bajeti ndogo wanisikilize vizuri. Kamera kubwa ya miaka saba iliyotunzwa inaishinda kamera ndogo mpya ya bei ileile, hasa jioni. Simu ya zamani inachoka, programu zinaikataa. Kamera haina anayeikataa. Inapiga leo kama ilivyopiga siku ilipotoka kiwandani.

Mume wa mwalimu mwenzangu anapiga picha za harusi, na alikuwa anauza Nikon D3100 yake pamoja na lenzi ya 18-55, yaani inayovuta kutoka milimita 18 mpaka 55, kwa 420,000. Kamera hiyo ilitoka mwaka 2010, ina megapikseli 14, chache kuliko ile ya fedha. Lakini kihisi chake ni milimita 23 kwa 15, zaidi ya mara 12 ya ile punje ya mahindi. Nilimwomba jambo moja tu: "Shemeji, naomba nije kuijaribu saa moja jioni, nyumbani kwako, watoto wakiwapo." Alinielewa mara moja, ni mtu wa kazi hiyo. Nikaenda, nikakaa kwenye kiti cha barazani kwake, nikawapiga wanawe wakila mihogo chini ya taa. Zilitoka na chenga kidogo tu, nyuso zikasomeka. Nilipozitazama kwenye kioo cha kamera moyo ulinienda mbio.

Hata hivyo sikulipa siku ile. Tulikagua pamoja, na yeye ndiye alinifundisha cha kukagua. Shata ya kamera, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga, ina umri wake kama ilivyo injini, na aina ile ilijaribiwa kiwandani kwa mapigo 100,000. Idadi ya mapigo imo ndani ya faili la picha yenyewe, na kuna tovuti zinazoisoma. Yake ilikuwa 31,000 na ushehe. Tukapiga karatasi nyeupe kuona kama kihisi kina madoa. Tukafungua mlango wa betri na mlango wa kadi mara kadhaa. Halafu akachukua tochi ya simu, akaimulika nyuma ya lenzi, akaniambia nitazame mbele kwa mshazari. Ya 18-55 ilikuwa safi. Akaileta nyingine ndefu aliyokuwa tayari kuniachia kwa bei ya kutupa, akamulika. Ndani ya vioo kulikuwa na nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. "Hii ni kuvu, shemeji. Joto na unyevu wa pwani. Nimeonesha ili ukiiona kwa mwingine uikimbie."

Kuvu hilo ni adui wa sisi tunaoishi Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, kote ambako nguo kabatini zinanuka uvundo masika. Mfuko mzuri wa ngozi ambao watu hufungia kamera kwa heshima ndio unaoliotesha, kwa sababu unashika unyevu na giza. Yangu inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikishachoka navianika kwenye kikaango kikavu, moto mdogo. Na kila wiki mbili naitoa, napiga nayo picha mbili tatu, naiacha ipate hewa na mwanga.

Lenzi ya 18-55 ina kikomo chake. Ukivuta mpaka mwisho tundu lake linakuwa dogo, f/5.6 kwa lugha ya kamera, na jioni inahangaika. Niliweka akiba miezi sita kwa ajili ya ya pili, ile isiyovuta kabisa, ambayo tundu lake linafunguka mpaka f/1.8; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Hiyo inapitisha mwanga zaidi ya mara 9 ya ile nyingine ikiwa imevutwa. Nusura niingie shimoni tena. Dukani nilioneshwa ya 50 ya bei nzuri, ikaingia vizuri kwenye kamera, lakini kila nikibonyeza picha ni ukungu. Lenzi zile za zamani hazina mota ya kulenga ndani, zinategemea mota ya kamera, na D3100 pamoja na ndugu zake wadogo wa familia ile hawana. Lazima iandikwe AF-S, alama ya lenzi yenye mota yake ndani. Niliipata ya 35 iliyotumika, 280,000, na nikaijaribu hapohapo kabla ya kuhesabu noti.

Jumla ni laki saba. Sitasema ni pesa ndogo, kwa mshahara wangu ilikuwa mwaka mzima wa kujinyima. Lakini nikijumlisha ile ya kwanza, fundi, betri na kadi bandia, nilikuwa nimekwisha kutumia karibu laki tatu na nusu, na sikuwa na uso hata mmoja wa jioni.

Idi ya Juni 2018. Magharibi imeshasaliwa, mkeka umetandikwa, kahawa inazunguka. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikiwa na kamera mapajani, lenzi ya 35, tundu f/2, ISO 1600, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga, flashi nimeifunga. Baba alikuwa anaeleza habari ya treni iliyolala Korogwe na mbuzi wa abiria waliofunguka mle ndani, hadithi ambayo sote tunaijua kwa moyo. Nilipiga picha ya kwanza, hakugeuka. Ya pili, hakugeuka. Hakukuwa na mwanga wa kumwambia akae sawa. Alipofika pale ambapo mkuu wa stesheni anaulizwa mbuzi ana tiketi, alicheka kama anavyocheka siku zote, kichwa nyuma, mkono mmoja kifuani, pengo lake likionekana, na mjukuu pembeni yake anamtazama mdomo wazi na kashata mkononi. Nikabonyeza.

Kesho yake asubuhi nilimwonesha. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Kumbe nacheka hivi?"

"Ndivyo unavyocheka miaka arobaini," mama akamjibu kutoka jikoni, bila hata kuja kuangalia.

Watu huniuliza, mwalimu, si ungenunua simu nzuri tu. Jibu langu ni la kweli, silipendelei upande. Kama una simu nzuri ya miaka hii ya karibuni, inapiga picha mchana vizuri kuliko ile kamera yangu ya fedha, na nyingine usiku zinaunganisha picha kadhaa kuwa moja na zinatoka za kupendeza, mradi watu wametulia. Kwa hiyo usinunue kamera ndogo ya bei rahisi kuongezea juu ya simu hiyo, hutapata kitu kipya. Ama nunua iliyotumika yenye kihisi kikubwa, ama kaa na simu yako na pesa yako uichapishie picha. Mimi kilichonipeleka kwenye kamera ni watoto wanaocheza chini ya taa moja, wasiotulia, na wazee wanaobadilika wakiona simu imenyanyuliwa. Na kingine: simu inaibiwa, inauzwa, inabadilishwa, na picha zinakwenda nayo. Za kamera nakaa chini kila mwisho wa sikukuu, nachagua, nazihamishia sehemu mbili, na nyingine nazisafisha. Kwa WhatsApp natuma pia, lakini najua zinafika zimebanwa, si za kutundika ukutani.

Kwa miaka miwili sikuwamo kwenye picha hata moja ya familia. Mama ndiye aliyegundua, akaniuliza kama nimehama nchi. Nikaanza kumfundisha binti yangu, alikuwa na miaka kumi wakati huo, na sasa anapiga vizuri kuliko mimi, hasa wanyama na wadogo zake.

Alikuwa yeye aliyeleta wazo la kadi ya bibi. Mama alikuwa ameitunza kadi yenyewe ya kura kwenye mkebe wa hati za nyumba. Tuliiweka mezani karibu na dirisha, asubuhi, mwanga ukiingia kwa upande bila jua kugusa. Lenzi ya 18-55 tuliivuta mpaka mwisho tukaisogeza karibu inavyokubali. Studio ile walikosea jambo moja: waliitaka picha ndogo iwe kubwa. Sisi tuliichapisha ndogo, inazidi kidogo tu ile ya pasipoti, tukaizungushia kadi nyeupe pana ndani ya fremu kubwa. Hapo uso ukarudi. Mikunjo ya pembeni ya macho ikarudi, na ule mdomo uliokuwa unataka kusema jambo.

Iko ukumbini Ngamiani, kando ya baba anayecheka. Ukiingia tu huioni sawasawa, unaona fremu na weupe mwingi. Inabidi uvue viatu, uvuke mkeka, usogee mpaka karibu kabisa.